Lutengano na Simu Iliyokatiza Maneno

Pale Kyimo, ukiiacha barabara ya lami ukashuka kuelekea mashamba ya chai, aliishi mtu aitwaye Lutengano. Watu walimjua kwa mambo mawili: sauti yake nzito kwenye kwaya ya Wamoraviani, na namna alivyokuwa akimpa mtu mkono. Ukisalimiana naye mlangoni mwa kanisa, uliondoka ukikunja na kukunjua vidole ili damu irudi. Hakuwa na nia mbaya. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha chai, akilisha boila magogo ya mikaratusi. Kiwanda kilipouzwa kwa watu binafsi na wenye mali wapya wakapunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani akashika panga na chuchu za ng'ombe. Mikono ile haikuwahi kupewa kazi ya kushika kitu kidogo.

Wenzake waliopunguzwa naye walikaa miaka wakiulaani uuzaji ule. Lutengano naye alilaani kidogo, kisha akachoka kulaani. Akapanda chai kwenye kipande alichoachiwa na baba yake, akafuga, akamsomesha mtoto wake wa pekee, Lwitiko, mpaka kijana akapata kazi Dar es Salaam. Mke wake alipofariki alilia kama watu wanavyolia, na kesho yake alfajiri akaamka kukamua, maana ng'ombe hajui msiba. Akabaki na nyumba yake ya bati, ng'ombe watatu, na ukimya. Mwanzoni ukimya ule ulimwelemea. Baadaye aliuzoea kama mtu wa Rungwe anavyoizoea mvua: haikatiki, lakini kazi zinaendelea.

Ukimya huo ulivunjwa na mwanamke mmoja wa Lufingo.

Kulikuwa na semina ya kwaya huko Lufingo, na mwalimu wa kuwafundisha wimbo mpya alikuwa Esnath, mjane mfupi mwenye macho makali na sauti ya kuamrisha. Wimbo haujafika hata ubeti wa pili, Esnath akapiga makofi, watu wote wakanyamaza.

"Wewe baba mwenye sweta la kijani," alisema, akimwonyesha Lutengano kwa kidole. "Hapa tunaimba habari za mchungaji mwema. Mbona wewe unaimba kama simba anayewatafuta kondoo?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Lutengano akacheka nao, na wenzake walipomaliza yeye alikuwa bado anacheka. Miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumkemea, na hakuwa amejua kwamba jambo hilo linaweza kukosekana nyumbani kama chumvi.

Mchana, watu wakila mbalaga ya ndizi na maharage, alimfuata na sahani yake mkononi.

"Mwalimu, nilikuwa naomba namba yako. Ili tuulizane habari za mazoezi."

"Mazoezi yapi?" Esnath aliuliza. "Wewe uko kwaya yenu, mimi niko kwaya yetu."

"Ndiyo. Hayo hayo."

Esnath alimtazama, akatafuna, akameza. Halafu akamtajia namba.

Tangu siku hiyo wakawa wanapigiana jioni, Lutengano akishamaliza kukamua. Alikuwa anakaa kwenye kigoda nje ya zizi na kuuliza habari za parachichi za Lufingo, habari za Lusungu, binti yake Esnath aliyeolewa Mbeya, habari za sauti ya pili ambayo haishiki noti. Alimwita Mama Lusungu, naye akaitwa Baba Lwitiko. Hawakuwa na neno lolote la maana, na walilizungumza kwa muda mrefu.

Wakati huo Lutengano alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe ambacho kikianguka mtaroni unakiokota, unakifuta kwenye suruali, unaendelea. Lakini ulikuwa mwaka ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, na Lwitiko, aliyekuja likizo ya Krismasi, alimpeleka baba yake kusajili. Mashine ilikataa dole gumba lake la kulia, ikakataa la kushoto, kwa sababu boila na jembe vilikuwa vimeshafuta mistari yote. Ilikubali kidole kidogo cha mwisho, baada ya kukisugua kwa kitambaa chenye maji. Kutoka hapo kijana akamkabidhi zawadi: simu ya tachi, kioo kipana, imevalishwa kava nene la mpira mweusi.

"Hili kava, baba, hata ukiiangusha kwenye mawe haiwi kitu."

Laini ikakatwa ikawa ndogo kama kucha ili iingie kwenye simu mpya. Kitochi akakichukua dada yake Lutengano, Ambindwile. Njia ya kurudi nyuma ikawa imefungwa.

Simu mpya ilifanya kazi vizuri mpaka mvua za masika. Wakati huo Lutengano alikuwa ameanza kuwa na neno la maana.

Alilifikiria akichuma chai, akalifikiria akikata majani ya ng'ombe, mpaka jioni moja akaona limeiva. Alikaa kwenye kigoda chake, akampigia Esnath, wakasalimiana, wakamaliza habari za mvua. Akasafisha koo.

"Mama Lusungu, kuna jambo nilikuwa nataka kukwambia."

"Nakusikiliza, Baba Lwitiko."

"Ni kwamba mimi, kwa muda sasa..."

Simu ikatetemeka sikioni mwake. Akaitoa, akakuta kioo cheusi. Kidogo ikajiwasha yenyewe, ikaleta jina la kampuni, ikaimba kawimbo kake, ikamkaribisha kama mgeni. Alipompigia tena Esnath walizungumza habari nyingine, kwa maana neno lilikuwa limeshapoa.

Jioni nyingine ikawa hivyo hivyo. Na jioni ya tatu, akiwa ameamua kutozunguka, alisema kwa haraka: "Mama Lusungu, sisi si watoto. Mimi nimefikiri sana. Nataka tuo..." Ikazima.

Lutengano alipenda kusema Kiswahili kilichonyooka, lakini akishtuka Kinyakyusa kilimrudia na herufi z zote zilimponyoka. "Gwe! Imesima tena!" alimwambia ng'ombe wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwepo.

Safari hiyo hakupiga tena. Aliona haya. Esnath naye hakupiga.

Kesho yake alimweleza jirani yake, Asajile, bila kumtaja aliyekuwa akizungumza naye. Asajile hakuwa na shaka hata kidogo. Huku bondeni mtandao ni dhaifu, alisema, simu inahangaika kuutafuta mpaka inachoka na kuzima. Dawa ni kupanda juu kanisani. Basi jioni Lutengano akapanda mpaka juu kanisani, akasimama kwenye ukungu akiwa na koti la mvua, akampigia Esnath. Mtandao ulikuwa umejaa. Alipofika kwenye neno lake simu ikazima kama kawaida.

Akampigia Lwitiko. Wakaongea muda mrefu na simu haikufanya lolote.

"Imejaa, baba," Lwitiko alisema kutoka Dar. "Futa picha na video. Toa na memori kadi, huenda ni mbovu. Ikishindikana tuirudishe ilivyotoka kiwandani."

Lutengano alifuta video zote za pasaka. Akaitoa memori kadi kwa ncha ya sindano, akaifunga kwenye karatasi. Lakini habari ya kurudisha kiwandani hakuitaka. "Mimi mwenyewe kiwanda kilinirudisha nyumbani," alisema. "Hii nayo ikienda huko haitarudi na namba zangu."

Akajaribu tena bila memori kadi. Ikazima.

Kilichomtoa nyumbani hasa ni maneno. Mama mmoja wa kwaya alirudi kutoka msibani Lufingo na kumwambia, akicheka, kwamba mwalimu Esnath anasema kuna mzee mmoja wa Kyimo mwenye tabia ya kumkatia mtu simu katikati ya mazungumzo. Kila mtu alicheka isipokuwa Lutengano. Kusemwa kwamba anaimba kama simba ilikuwa sawa, maana alikuwa anaimba kama simba. Lakini kumkatia mtu simu ni dharau, na yeye hakuwa mtu wa dharau.

Asubuhi yake akavaa viatu vya safari, akaenda Tukuyu.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa Nelson, kijana mpole mwenye meza yake chini ya kibaraza pale mtaa wa Msasani, hapo hapo Tukuyu, na kioo cha kukuzia alichokivaa kichwani. Lutengano alimkuta akipuliza vumbi kwenye simu ya mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Simu yangu inazima yenyewe na kuwaka yenyewe, kama mtu anayesinzia kanisani."

Nelson aliivua simu lile kava jeusi, akaliweka pembeni, akafungua mgongo. Akaitazama betri kwa ubavu kuona kama imevimba, haikuvimba. Akaweka betri nyingine ili alinganishe. Akasafisha meno ya betri kwa mswaki uliolowekwa spiriti. Akasema ni afadhali ashinde nayo, aone inazima mara ngapi. Lutengano akaenda zake sokoni kutafuta chumvi ya ng'ombe na kusalimia watu. Aliporudi mchana, Nelson alikuwa anatikisa kichwa.

"Mzee, simu hii nimeipigia, nimeichezea muziki, nimeiweka juani. Haijazima hata mara moja. Simu yako ni nzima."

Akairudishia betri yake na kava lake, Lutengano akarudi Kyimo amefurahi. Jioni akampigia Esnath, akaanza kwa kujitetea. "Mama Lusungu, sikukukatia simu kwa makusudi. Ilikuwa inaumwa, nimetoka nayo kwa fundi, sasa imepona. Nilichokuwa nataka kusema siku ile..."

Haikumpa nafasi.

Kwa mara ya kwanza Lutengano alifikiria kuitupa kwenye choo cha shimo. Alisimama mlangoni mwa choo muda kidogo. Kisha akaingia ndani akala ugali wake, akalala.

Nelson alipomwona tena asubuhi hakucheka wala hakubisha. Alivuta kiti, akamkalisha, akaanza kumuuliza kama daktari anavyomuuliza mgonjwa.

"Inazima ukiwa wapi, mzee?"

"Nyumbani. Na kanisani juu."

"Ikiwa kwenye chaji?"

"Hata bila chaji."

"Ukisikiliza nyimbo?"

"Hapana. Nasikiliza kwaya mpaka nachoka."

"Ukiongea na watu?"

"Na kijana wangu naongea vizuri. Na dada yangu pia. Na yule wa maziwa pia."

"Sasa ukiongea na nani?"

Lutengano akatazama viatu vyake. "Na mwalimu mmoja. Wa kwaya. Wa Lufingo."

"Wakati wote?"

"Hapana, si wakati wote." Alifikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyoshangaa. "Tukiongea habari za parachichi haizimi."

Nelson akaweka bisibisi mezani. "Basi mpigie hapa hapa, mzee. Mimi nitakuwa naangalia."

Lutengano alitazama huku na huku. Pembeni kulikuwa na mama anayeuza vitumbua, lakini alikuwa na wateja. Akapiga. Esnath akapokea kwa sauti baridi.

"Naam, Baba Lwitiko. Leo tutafika mpaka wapi?"

"Mama Lusungu, habari za asubuhi. Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha. Kwani ilikatika lini?"

Nelson akamwashiria kwa mkono: endelea, endelea kwenye lile linalozima. Lutengano akafumba macho. Hakuna kurudi nyuma, akajiambia, na kama ni aibu basi fundi ameshaiona.

"Mama Lusungu, nilikuwa nasema hivi. Sisi si watoto. Mimi..."

"Acha!" Nelson akapiga kelele, na kioo kikazima wakati huo huo. Kijana alikuwa amesimama, amemshika mzee mkono uliokuwa na simu. "Usiachie! Usisogeze hata kidole! Tazama mwenyewe!"

Lutengano akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa umeikaba simu vile ulivyokuwa ukikaba mpini wa shoka kule kwenye boila. Mishipa imesimama. Na dole gumba, lile ambalo mashine ya usajili ililikataa, lilikuwa limekandamiza ubavu wa simu mpaka mpira wa kava umebonyea.

"Hapo chini ya dole gumba ndipo kilipo kitufe cha kuwashia," Nelson alisema. Akaivua simu kava. "Ukikibonyeza kidogo, kioo kinawaka. Ukikibana ukakishikilia, simu inajua umeiagiza izime na iwake upya. Jana niliijaribu bila kava, na mimi sikuibana. Na ona huku." Akageuza kava; kwa ndani, mahali pa kitufe, palikuwa na utomvu mweusi uliokauka ukawa mgumu kama gundi. "Ni nini hiki?"

"Utomvu wa ndizi," Lutengano alisema polepole. "Siku ya kukata mikungu niliichukua na mikono ile ile."

"Basi utomvu unakisukuma kitufe, kava linakibana, na wewe ukifika kwenye neno lako unaikaba. Simu haina ugonjwa, mzee. Inakutii."

Lutengano alilichukua kava akaugusa utomvu ule. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kile kizito, mpaka mama wa vitumbua akageuka na wateja wake wakageuka. "Inanitii!" alisema, akijifuta machozi. "Siku zote hizi nailaani, kumbe inanitii!"

Nelson naye alicheka, sasa akiwa na ruhusa. Alikwangua utomvu, akakisafisha kitufe mpaka kikawa kinapanda na kushuka bila kukwama, na kwa wembe akakata tundu kwenye kava ili mpira usikiguse tena. Akamfundisha mzee kuishika simu kwa ncha za vidole, kama yai. Lutengano alijaribu, akaonekana kama mtu anayenusa kitu, lakini iliwezekana.

"Mpigie sasa, mzee. Amalizie kusikia."

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na safari hii sauti ya dada wa mtandao ikamwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Esnath alikuwa amezima simu yake, na yeye alizima kwa makusudi.

"Ndaga, fundi, asante sana," Lutengano alisema, akasimama. "Hii iliyobaki si kazi ya simu."

Alichukua bodaboda mpaka Lufingo, mvua ikimpiga usoni njia nzima. Alimkuta Esnath kibarazani kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Hakusimama. Alimwangalia mgeni wake alivyolowa kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, Baba Lwitiko. Kumbe ukiwa na miguu hukatiki."

Lutengano akakaa kwenye ngazi, akamweleza yote: kava, utomvu, dole gumba, fundi aliyepiga kelele. Alimwonyesha na tundu lililokatwa. Esnath alisikiliza bila kuacha kuchambua, lakini mabega yake yakaanza kutikisika, na mwisho akauweka ungo chini kwa sababu maharage yalikuwa yanamwagika.

"Kwa hiyo tukiongea parachichi hukabi," alisema.

"Sikabi."

"Unajua siku ile uliniachia nini? Uliniachia 'nataka tuo'. Basi. Nimekaa na hiyo 'tuo' wiki nzima. Nikasema labda ni tuombe, mtu anataka maombi. Nikasema labda ni tuonane. Nikasema labda tuote moto, maana baridi ya Kyimo naijua."

"Haikuwa kuota moto."

"Nilijua haikuwa kuota moto," Esnath alisema, na sauti ya kuamrisha ikawa imeondoka. "Hapa huna kitufe. Malizia."

Lutengano hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliikumbatia magotini.

"Nataka tuoane, Mama Lusungu. Kama na wewe unaona hivyo."

Esnath aliokota punje za maharage zilizoanguka sakafuni, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

"Mimi nina ng'ombe wangu," alisema. "Siendi mahali bila ng'ombe wangu."

"Zizi ni kubwa."

"Na Jumapili ya mwisho wa mwezi narudi huku kufundisha kwaya. Hilo siliachi."

"Nitakusindikiza."

"Na utaimba taratibu."

"Hilo," Lutengano alisema, "tutalijaribu."

Esnath akaingia ndani akamletea kanga kavu ya kujifuta na chai ya moto yenye maziwa mengi. Alipomaliza kunywa walikwenda pamoja, chini ya mwavuli mmoja, kwa Meshaki, kaka yake Esnath, aliyekaa mlima wa pili. Meshaki aliwasikiliza, akawauliza kama watoto wao wanajua. Lutengano akampigia Lwitiko hapo hapo, akiishika simu kama yai, na kijana alipopata habari alinyamaza kwa muda hata baba yake akaitazama simu. Kisha wakasikia anacheka na kumuuliza mama mpya anapenda kitenge cha rangi gani.

Mchungaji alitangaza ndoa kanisani, hakuna aliyeipinga, na mwezi wa nane, wakati wa baridi kali, walifunga. Asajile alileta kreti za soda, Ambindwile aliongoza vigelegele, na kwaya mbili zilishindana mpaka wazee wakaomba chakula kianze. Siku ya kuhama, ng'ombe wa Esnath alitembezwa kwa miguu kutoka Lufingo, akiwa na mimba kubwa, akisimama kila penye majani mazuri, na wao wawili nyuma yake hawakumharakisha. Walifika Kyimo jua likiwa bado lipo. Kabla ya wiki kwisha ng'ombe huyo akazaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe begani, na Esnath akamshika mguu, Lutengano akamfuta kwa majani makavu mpaka akasimama.